Istilahi "Irabu" na Mwanafunzi wa Kiingereza

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi moja tu ya isimu, nayo ni irabu, kwa kuitazama darasani, mahali Kiingereza kinapofundishwa. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, mfasiri hana tena kisingizio cha kukosa majina ya dhana kuu za taaluma hii. Upungufu ninaouzungumzia hautokani na uhaba wa istilahi, bali na ulegevu wa maana zinazopewa.

Neno irabu asili yake ni Kiarabu, na katika pwani yetu lilizoeleka kwa alama zinazotiwa juu na chini ya herufi za Kiarabu ili msomaji ajue namna ya kuzitamka. Yaani tangu mwanzo lilikuwa neno la maandishi. Lilipofanywa istilahi ya isimu lilipewa kazi ya kutaja sauti, lakini shuleni halijaiacha kalamu: aghalabu mwanafunzi huambiwa kwamba irabu ni herufi tano, a, e, i, o, u. Katika Kiswahili kosa hili hujificha, kwa kuwa herufi tano na sauti tano zinalingana.

Katika Kiingereza halijifichi. Kwenye shule za msingi za serikali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, mwanafunzi huichukua istilahi aliyopewa katika somo la Kiswahili akaingia nayo katika somo la Kiingereza. Huko hufundishwa kwamba "a" hugeuka "an" mbele ya irabu. Basi huandika "an university", maana u ni irabu, na "a hour", maana h ni konsonanti. Mwalimu hutia wino mwekundu mara mbili. Lakini ni nani aliyekosa? Mtoto ameitii kanuni kama alivyopewa. Neno la kwanza huanza kwa sauti ile ile inayoanza neno letu yunifomu, ambayo ni konsonanti. La pili huanza kwa irabu, kwani h yake haitamkwi. Kanuni ni ya sauti, ilhali istilahi imempeleka kwenye herufi.

Hasara hii, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi Kagongwa kuliko Unguja. Mtoto wa Kagongwa, mji wa biashara ya mchele karibu na Kahama, ambaye nyumbani husema Kisukuma au Kinyamwezi, huja shuleni na irabu saba, na kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu. Sikio lake limekwisha kuzoea kutenga sauti mbili ambazo mtu wa pwani huzisikia kuwa i moja. Kiingereza nacho hutenga i mbili: ya "ship", yaani meli, na ya "sheep", yaani kondoo. Sisemi kwamba irabu za Kisukuma ni sawasawa na za Kiingereza, la hasha. Nasema mtoto huyu anayajua tayari mambo mawili ambayo mwalimu wa Kiingereza hutumia muhula mzima kuyaeleza, kwamba irabu zaweza kuzidi tano na kwamba urefu wake hubadili maana. Tukimwambia irabu ni tano, basi, tumemfundisha kutoliamini sikio lake.

Wako wanaopenda tutumie vokali badala ya irabu. Siafiki. Jina jipya likipewa maelezo yale yale ya zamani litaleta makosa yale yale, na walimu watakuwa na maneno mawili ya kuchanganya badala ya moja.

Ulegevu wa namna hii umo pia katika neno wakati linapowekwa mahali pa njeo. Abiria wa Isaka asemapo kwamba treni inaondoka kesho, kitenzi kina njeo iliyopo na tendo ni la wakati ujao. Na Kiingereza husema vivyo hivyo. Hilo lastahili makala yake.

Kuhusu irabu, napendekeza neno hili libaki kwa sauti peke yake, na kwa maandishi tuseme herufi za irabu. Marekebisho yanayotakiwa vitabuni hayazidi mistari miwili: maelezo ya irabu yaanze kwa neno sauti, na kanuni ya "an" isomeke "mbele ya sauti ya irabu".