Mgema Mbele ya Hadhira

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imezoeleka kufasiriwa kuwa ni onyo kwa mwenye kusifiwa. Aghalabu husahauliwa kwamba ni onyo pia kwa mwenye kusifu, kwani anayesifu kabla ya kuonja vyema, au anayesifu kinywaji kwa kuwa amempenda mgema, naye ana mkono wake katika maji hayo. Huo ni uhakiki mzima uliofumbwa katika maneno machache, na unafaa kuwa kipimo cha fani moja ya usemi iliyoenea katika miji ya Ulaya na Marekani: jioni ya kuonja mvinyo pamoja na mtengenezaji aliyesafiri kuuleta mwenyewe.

Kuiita jioni hiyo fani si kuitukuza kupita kiasi. Ina jukwaa, nalo ni meza ndefu yenye kitambaa cheupe ili rangi ya kinywaji ionekane. Ina hadhira, na kila mmoja amewekewa bilauri kadhaa na chombo cha kutemea. Ina mpangilio wake: kutazama, kunusa, kusukutua, kutema, kisha kusema. Tendo hilo la mwisho ndilo linalomhusu mhakiki wa fasihi. Msomaji asiyegusa kileo, kwa dini yake au kwa hiari yake, hapungukiwi na kitu hapa, kwa sababu kinachopimwa ni maneno yanayokizunguka kinywaji.

Fanani wa jioni hizi akitoka katika ukoo wa watengenezaji, huwa hasemi kwa niaba yake peke yake. Huanza kwa nasaba, kama watambaji wote wenye kujua kazi yao: nani alipanda, nani alirithi, nani aliongeza. Chupa ikifunguliwa baada ya nasaba hiyo, hadhira haionji tena maji ya zabibu, inaonja ukoo.

Wachache katika fani hii waliacha jina kama Serge Hochar wa Lebanon. Baba yake, Gaston Hochar, alianzisha Château Musar mwaka 1930. Serge, aliyezaliwa 1939, alianza kutengeneza mvinyo wa nyumba hiyo mwaka 1959, na masomo ya kazi hiyo aliyapata Bordeaux, Ufaransa. Mashamba ya zabibu yamo katika bonde la Bekaa, ilhali maghala yako Ghazir, ng'ambo ya milima, upande wa bahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1975 na kumalizika 1990, vilikaa katikati ya shamba na ghala. Mwaka 1976 hakukupatikana mvinyo. Mwaka 1984 zabibu zilichelewa njiani hata zikaanza kuchachuka ndani ya malori. Miaka mingine ya vita mavuno yalivuka. Mwaka 1979 mvinyo huo ulipata sifa kubwa katika maonyesho ya Bristol, Uingereza, na mwaka 1984 jarida la Decanter lilipoanza kutoa tuzo yake ya mtu wa mwaka, wa kwanza kuipokea alikuwa Hochar.

Hicho ni kisa chenye nguvu, na hapo ndipo penye mtihani. Ni nani atakayesukutua kinywaji kilichopita chini ya mizinga kisha aseme hakikumpendeza? Nao mvinyo wa Musar si kitu kisichokuwa na ubishi. Waonjaji wakali wamenusa ndani yake ukali unaokaribia siki, na katika baadhi ya miaka harufu ya zizi, wakasema hizo ni ila za utengenezaji. Wapenzi wake wamenusa yayo hayo wakayaita uhai. Suali linalobaki mezani ni zito kuliko mvinyo wenyewe: je, ila hugeuka sifa kwa sababu mwenye kitu amepata taabu?

Wasomaji wa ushairi wanalijua suali hilo kwa sura nyingine. Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973, ilitungwa gerezani baina ya mwaka 1969 na 1972. Hapana anayeifungua leo bila ya kuijua habari hiyo. Hata hivyo, akipewa shairi la humo mtu asiyejua lolote juu ya kifungo cha mtunzi, vina vitabaki vinapatana, mizani itabaki imetimia, na hoja itabaki inauma. Kisa cha gereza huliongezea shairi uzito, lakini hakikupewa kazi ya kuziba pengo la ufundi. Viko vitabu vingine, na kila lugha inavyo, ambavyo kisa cha mtunzi ndicho kilichobeba kila kitu; kikiondolewa, ukurasa huwa mtupu.

Wenye mvinyo wana dawa yao ya maradhi haya: kuonja chupa zikiwa zimefichwa majina. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaweka waamuzi 9 wa Kifaransa mbele ya mivinyo ya Ufaransa na ya California bila ya kuwaambia ipi ni ipi. Katika myekundu uliongoza wa Stag's Leap Wine Cellars, na katika myeupe wa Château Montelena, yote miwili ya mavuno ya 1973 na yote miwili ya California. Nasaba ilinyamazishwa kwa mchana mmoja, na matokeo yakaitikisa biashara nzima.

Lakini dawa hiyo nayo ina mpaka wake. Katika utafiti uliochapishwa 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyokuwa na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Jicho lilikwisha kutoa hukumu kabla ya pua kufika. Kwa hiyo, kuficha jina la mgema hakutoshi kumfanya muonjaji awe huru. Maneno aliyofundishwa yanamtangulia, naye huyafuata akidhani anakifuata kinywaji.

Na maneno yenyewe ni ya kuangaliwa. Desturi ya jioni hizi ni kumimina orodha: matunda madogo meusi ya misitu ya baridi, maua, ngozi, tumbaku, mbao za mwaloni. Mtafsiri akikabidhiwa orodha hiyo kwa Kiswahili hukwama, na wepesi wa kudhani humfanya aseme lugha ni maskini. Si kweli. Majina ya vitu yalikuja kwa bahari: mvinyo kutoka kwa Wareno, divai kutoka kwa Wafaransa, zabibu kutoka kwa Waarabu. Ama majina ya hisia yalikuwapo nyumbani. Ule ukavu unaoushika ulimi, ambao wengine huhitaji kuueleza kwa kemia, Mswahili huuita ukakasi, na kila mtoto aliyeuma bibo la mkanju anaujua. Uchachu si uchungu, na uchungu si ukali; lugha imekwisha kuvitenga. Orodha ya matunda ya kigeni humwambia msikilizaji kinywaji kinafanana na nini, lakini ukakasi humwambia kinamfanya nini.

Pwani imewahi kufanya uchaguzi wa namna hiyo. Abu Nuwas, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, ametajika katika Kiarabu kwa mashairi yake ya mvinyo. Alipofika katika hadithi za Kiswahili akawa Abunuwasi, mjanja anayewashinda masultani kwa maneno. Lugha iliipokea akili yake na kuiacha bilauri yake.

Kwa kipimo hicho, jioni nyingi za kuonja ni fani dhaifu. Kisa hutangulia, bilauri hufuata, na mwishoni hupitishwa karatasi ya bei. Mtambaji, muuzaji na muamuzi huwa ni mtu mmoja, na hadhira hubaki na kazi ya kuitikia. Mgema hasubiri kusifiwa. Anajisifu, na hapana wa kuuliza maji yalitiwa lini.

Hochar, pamoja na kwamba kisa chake kilikuwa kikubwa kuliko cha wengine, alikuwa na adabu iliyomtenga nao. Alitaka mivinyo yake myeupe ionjwe baada ya myekundu, kinyume cha desturi, na hivyo akawavunjia wageni mazoea kabla ya kuwapa mapya. Alisisitiza kwamba mvinyo ni kitu hai kinachobadilika ndani ya bilauri, akawataka watu wasubiri, warudie, wauonje tena. Alikuwa akisimulia jinsi alivyokaa nyumbani Beirut usiku wa mabomu, chupa nzima imemiminwa katika bilauri moja kubwa, akainywa kidogo kidogo hadi usiku ukapita. Ndani ya kisa hicho vita viko nje ya dirisha. Kinachosimuliwa ni subira ya muonjaji. Hilo ni somo la kusoma. Shairi halihukumiwi kwa kupitiwa mara moja, na anayemwambia msomaji arudie amempa haki ya kukataa.

Serge Hochar alifariki tarehe 31 Desemba 2014, alipokuwa akiogelea huko Mexico. Mvinyo mwekundu wa Musar kwa kawaida hutolewa sokoni katika mwaka wa saba baada ya mavuno. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa baada ya kifo chake ziliendelea kutoka chupa za mavuno aliyoyashuhudia, na zikafunguliwa mbele ya watu ambao hakuwapo kuwasimulia. Wanawe wapo kuendeleza nasaba, na kisa cha malori ya 1984 kitatambwa tena na tena. Lakini kila chupa inayofunguliwa mbali na ukoo huo, katika nyumba isiyojua habari za Bekaa, inajitetea yenyewe. Huo ndio mtihani wa kila kazi iliyomtoka mtu mikononi, iwe ya zabibu au ya wino.