Kuta za Plitvice Zinavyojengwa na Maji

Maziwa 16 ya Plitvice, nchini Kroatia, yamepangana bondeni moja chini ya jingine, na kutoka la juu kabisa hadi la chini maji huteremka zaidi ya mita 130. Kinachoyatenga maziwa hayo ni kuta za tufa, mwamba mwepesi wenye matundu matundu, ambazo maji yenyewe yamezijenga na bado yanazijenga. Wengi hulieleza jambo hili kwa kemia peke yake. Kemia ni ya kweli, ila inaacha swali gumu: kwa nini ukuta uote pale pale maji yanapomwagika?

Mvua ikipenya kwenye udongo wa msitu, ambamo mizizi na vijidudu vinapumua, huchukua hewa ukaa nyingi na kuwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo huyeyusha miamba ya chokaa na dolomiti iliyo chini, na chokaa huondoka na maji bila kuonekana. Maji yakitokeza nje, hewa ukaa huanza kutoroka, tindikali hupungua, na chokaa hukosa cha kuishikilia. Anayechemsha maji ya kisima huku pwani analijua tukio hili kwa ule ukoko mweupe wa ndani ya birika.

Hata hivyo, kwenye chemchemi za Plitvice hakuna tufa. Maji hutoka baridi, yakiwa bado na hewa ukaa ya kutosha, na hutiririka mwendo mrefu kabla ya kuacha chochote. Watafiti waliopima maji hayo walikuta kwamba tufa huanza pale chokaa iliyoyeyuka inapozidi kiwango cha kushiba kwa mara tatu hivi, pH, yaani kipimo cha tindikali, inapovuka 8, na masalia ya viumbe yaliyoyeyuka majini yanapokuwa machache, chini ya miligramu 10 kwa lita.

Kwenye ukingo wa poromoko maji hutanuka yakawa utando mwembamba, hupasuka, hurusha manyunyu, na hewa ukaa hutoka kwa kasi. Hapo ndipo kuvumwani, mimea midogo laini ya mahali penye unyevu, hustawi. Mtaalamu wa mimea Ivo Pevalek alisisitiza nafasi ya mimea hii kati ya vita kuu mbili za dunia, nami naona huo ndio ufunguo wa Plitvice. Ute wa mwani na bakteria walioganda juu ya kuvumwani hunasa fuwele ndogo za chokaa. Shina hufunikwa na jiwe kwa chini huku ncha ikiendelea kukua kuelekea kwenye maji. Sehemu iliyozikwa hufa, huoza, na kuacha yale matundu. Ngazi za chokaa za Pamukkale, Uturuki, ni habari nyingine: maji hutoka yakiwa na joto la nyuzi 35 hivi na hewa ukaa tele, na chokaa huganda upesi bila kuhitaji sana mimea.

Ukingo ukipanda, poromoko hurefuka, maji hupasuka zaidi, na jiwe huongezeka papo hapo. Ukuta unaofanikiwa unaweza kupanda kwa sentimita moja hivi kwa mwaka. Si kuta zote zinazoshinda: ndani ya ziwa Kozjak, kubwa kuliko yote, kumezama ukuta wa zamani. Ukuta wa chini yake ulikua haraka zaidi, maji yakapanda, na maziwa mawili yakawa moja.

Kwa kuwa kuta hutegemea kemia ya maji na mimea hii midogo, hatari kubwa kwa Plitvice inaweza kuwa kitu kisichoonekana kwa macho. Masalia ya viumbe na fosfeti hujibandika kwenye fuwele na kuzuia tabaka jipya lisishike, huku rutuba hiyo hiyo ikinenepesha mimea ya majini. Kupiga marufuku kuogelea na kuwapitisha wageni kwenye njia za mbao kumesaidia kulinda kuvumwani isikanyagwe. Lakini kipimo ambacho ningekitazama kwanza ni maji taka ya nyumba na hoteli zilizo upande wa juu wa maziwa, kwa sababu ukuta unaweza kuacha kukua miaka mingi kabla mtu hajauona ukibomoka.