Nyumba Ivunjikayo na Nyumba Itengenezwayo

Wengi wa kwetu hapa Nshambya na huko Muleba waijua seminari ya Rubya kuwa shamba la mapadre. Ni kweli, lakini shamba lile lilizaa na mwandishi. Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma Rubya katika ujana wake, akajifunza Kilatini na elimu nyingine za Ulaya. Hakuwa padre, alirudi kwao akaoa, na mwaka 1945 akamaliza kuandika, kwa Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe, Bibi Bugonoka. Twataka kukipima kitabu hicho, maana wako wasemao kwamba ni kirefu mno, wala si riwaya kwa kanuni za Wazungu.

Basi yatupasa kuuliza kwanza, kanuni hizo zilitoka wapi? Zamani washairi na wachoraji wa Ulaya walipenda kuwatukuza wafalme na mashujaa. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Huko Ujerumani ndugu wawili Grimm walianza mwaka 1812 kuchapisha hadithi zilizosimuliwa majumbani. Mwaka 1857 Millet, mchoraji wa Ufaransa, alionyesha picha ya wanawake maskini waokotao masuke shambani baada ya mavuno. Mwaka huo huo Flaubert alitoa kitabu juu ya mke wa tabibu wa kijijini, na miaka ishirini baadaye Tolstoy wa Urusi akasimulia habari za Anna Karenina. Hivyo mambo ya nyumbani yakahesabiwa kuwa yastahili kuandikwa.

Karne hiyo iliitikisa dini pia. Mwaka 1863 Renan alitoa kitabu juu ya maisha ya Yesu, akikana miujiza yake. Miaka mitano baadaye Lavigerie alianzisha huko Algeria shirika la Mapadre Weupe, akawaagiza wajifunze lugha ya watu waliotumwa kwao. Ulaya ile ile ilizaa mashaka, ikazaa na bidii ya kueneza Injili. Mapadre hao walifika Kashozi mwaka 1892, na kwa mikono yao elimu ya Ulaya ikafika Rubya, Kitereza akaipokea.

Sasa tulinganishe. Katika kitabu cha Flaubert na cha Tolstoy, mke aliyechoshwa na ndoa yake apenda mtu mwingine, na mwisho wake ni kujiua. Bugonoka naye aondoka nyumbani kwa mumewe, lakini kwa sababu nyingine: ndugu za mume wamemtukana kwa kukosa mtoto, na wazazi wake wamemchukua. Myombekere hamwachi. Awafuata wakwe zake, akubali kutoa pombe ya ndizi waliyomtaka ailete, arudi kuitengeneza, na mke wake arudishwa. Baadaye Bugonoka atibiwa na mganga, amzaa Ntulanalwo, kisha Bulihwali.

Hatusemi kwamba Kitereza aliwaiga Wazungu wale. Twasema kwamba walilima shamba moja, nalo ni nyumba ya mtu na mkewe. Wao walituonyesha jinsi nyumba ivunjikavyo. Yeye ametuonyesha jinsi itengenezwavyo, na jinsi kazi hiyo inavyohitaji wakwe, jirani na wazee. Wala hakuficha kwamba jamaa ndio wawezao kuitengeneza nyumba, na jamaa ndio walioivunja kwa ulimi wao. Hapo ndipo tumwonapo kuwa mwandishi mkweli.

Je, urefu wake ni kosa? Mara nyingi asimamisha hadithi ili afundishe kazi za mikono, maamkizi na desturi. Pengine twachoka, nasi twakiri kwamba mahali pengine angeweza kupunguza. Lakini asemapo habari za pombe, hatoki nje ya njia. Pombe ile ndiyo itakayomrudisha mke. Asiyejua taabu ya kuitengeneza atajuaje jinsi Myombekere alivyompenda Bugonoka?

Kitabu hicho kilikaa miaka 35 bila kuchapishwa. Mwandishi mwenyewe alikifasiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka 1981. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto. Walioachwa nyuma ni Ntulanalwo na Bulihwali, nao wamo kitabuni.

Ndugu msomaji, bibi zetu nao wajua jinsi ndoa zilivyotengenezwa katika nyumba za Kihaya, na maneno yaliyosemwa siku hizo. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Aliyesoma na achukue kalamu na daftari, aende akaketi nao jioni, aandike kwa Kihaya kile kile wanachokisema. Asingoje mtu wa mbali aje amwambie kwamba jambo hilo lina maana.