Akiba Inayooza

Akiba haiozi, tunaambiwa, na kwa fedha au mtama mkavu msemo huo una haki yake. Kwa kitunguu haufai. Kitunguu ni kiumbe hai hata kikiwa kimetundikwa darini: kinapumua, kinapoteza maji, kinangoja siku ya kuchipua, na kikiingiwa na ukungu shingoni kinaoza na kuharibu vilivyo jirani. Ndiyo maana naamini kwamba kwa vitunguu vidogo vyekundu vinavyozaana, shaloti na jamaa zake, ambavyo ukipanda kimoja unavuna kishada, sehemu tukufu ya ufundi haimo tutani. Imo katika ile miezi michache kati ya mavuno na kupanda tena, na anayeiweza hiyo ameuweza mmea mzima.

Vitunguu maji tulivyovizoea sokoni, vile vya Mang'ola na Singida, huanza na mbegu ndogo nyeusi. Mbegu hiyo haina umri mrefu. Ikikaa mwaka mmoja au miwili katika joto la kawaida, nyingi hazioti tena. Tena mmea hautoi maua mpaka upate baridi ya kutosha, na nyanda za chini hazina baridi hiyo, kwa hiyo mwenye bustani hurudi dukani kila msimu. Kitunguu kinachozaana humwondolea safari hiyo. Ndani yake mna machipukizi kadhaa, kila moja na magamba yake. Ukikisukuma udongoni hadi ncha ibaki usawa wa ardhi, kila chipukizi hujitafutia nafasi, na baada ya miezi miwili hadi mitatu katika nchi za joto unakuta vinne, sita, pengine kumi vimebanana pamoja. Tuseme ni sita: kimoja kirudi udongoni, vitano viende jikoni. Hesabu tamu, lakini yote imesimama juu ya kile kimoja kufika salama siku ya kupandwa.

Wakulima wa Brebes, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, wanalijua hili vizuri. Hawapandi kitunguu kilichotoka kuvunwa, kwa sababu bado kimelala; hukipumzisha kwa miezi miwili au zaidi. Majani yakilegea na kuanza kuwa manjano, maji hukatwa. Vitunguu hung'olewa pamoja na majani na kuanikwa kwa namna ambayo majani ya safu moja hufunika vitunguu vya safu nyingine, visiungue. Kisha hufungwa mafungu kwa majani hayohayo, na vya mbegu, kwa desturi ya zamani, hutundikwa kwenye uchaga juu ya meko, moshi uvipitie. Mtu atadhani joto la jikoni ni adui. Sivyo. Kitunguu hutulia karibu na nyuzi 0, hutulia pia kati ya nyuzi 25 na 30. Kinachokiamsha upesi ni hali ya kati, nyuzi 10 hadi 20. Kwa hiyo jiko la nchi ya joto si mbadala dhaifu wa jokofu. Ni ghala halisi, mradi hewa iwe kavu. Na ukavu hupimwa kwa vidole: bonyeza shingo, na kama magamba yanateleza ndani, unyevu bado umo. Chenye shingo nene kiliwe wiki hiyohiyo, hakitafika mbali.

Atakayepinga atasema vitunguu hivi ni vidogo, vinachosha kumenya, havina faida. Huko Anloga, Ghana, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya Lagoni ya Keta na bahari, watu wamevilima kwa vizazi, wakimwagilia kutoka visima vifupi na kuulisha mchanga kwa samadi na samaki, na wakaviuza hadi Accra. Udogo haukuwazuia. Pingamizi zito zaidi ni la magonjwa. Kwa kuwa kila kizazi hutokana na mwili wa kilichotangulia, virusi vinavyoenezwa na vidukari hurithiwa, na mazao hudhoofika mwaka hadi mwaka. Hilo ni kweli, na hakuna moshi unaoliponya. Lakini ndilo linaloifanya kazi ya kuchagua kuwa kubwa kiasi hiki. Mwenye macho huanza kuchagua mmea ukiwa bado shambani: shina lililodumaa, au lenye michirizi ya njano majanini, huwekwa alama na vitunguu vyake huliwa vyote. Vilivyo bora, ambavyo mkono wa mpishi ungevitamani kwanza, ndivyo vinavyofungiwa mbegu. Kwa wengi hapo ndipo ufundi unaposhindwa, kwenye sufuria, wala si kwenye udongo.

Jiko la gesi halina moshi, na wakazi wengi wa mijini hawatarudi kwenye kuni. Wala sioni sababu warudi. Upenu wenye kivuli na upepo, wavu badala ya gunia, mafungu membamba yasiyogusana, vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Pwani, ambako unyevu ni mzito, nadhani kalenda ina nguvu kuliko chombo chochote: mavuno yasikutane na masika wala vuli, na kila wiki mafungu yashushwe, vitunguu vipapaswe kimoja kimoja, kilicholainika kitolewe kabla hakijagusa cha pili.