Kupindua Kiti: Namna ya Kuutambua Msimbo Mzuri

Mnunuzi anayejua samani haridhiki kwamba kiti kinakalika; hukipindua akaangalia maungio. Msimbo wa programu nao unastahili ukaguzi huo, kwa sababu msimbo mbovu hufanya kazi pia, tena kwa miaka. Maungio yake ni yale mwandishi aliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyasema: nambari hii haitazidi kiasi fulani, kipimo chake ni hiki, mstari huu umo ndani ya sharti. Msimbo bora huyaweka hayo mbele ya macho ya msomaji.

Februari 2014 Apple ililazimika kurekebisha programu iliyolinda mawasiliano ya simu zake. Amri ya kurukia mwisho iliandikwa mara mbili, mstari juu ya mstari. Ya kwanza ilikuwa chini ya sharti. Ya pili ilisogezwa ndani sawasawa na mwenzake, lakini kwa kuwa mabano hayakuwekwa, haikuwa chini ya sharti lolote. Ikatekelezwa kila mara, ukaguzi wa saini ya seva ukarukwa, na jibu likatoka kwamba mambo ni shwari. Jicho lilisoma hivi, mashine vingine. Jozi moja ya mabano, ambayo wengi huiona pambo, ingeifanya amri hiyo ya pili isidhuru.

Watasema majaribio yangetosha. Majaribio ni lazima, ila hunasa lile tu ambalo mtu alilifikiria. Maktaba ya lugha ya programu ya Java ilikuwa na njia ya kutafuta kwa kugawa orodha nusu kwa nusu: jumlisha mwanzo na mwisho, gawa kwa mbili. Nani angeitilia shaka? Lakini orodha ikifika vipengele bilioni moja na ushei, jumla huweza kupita 2,147,483,647, ukomo wa nambari kamili ya biti 32, ikageuka hasi. Kasoro hiyo ilikaa takriban miaka tisa, hadi mhandisi wa programu Joshua Bloch alipoieleza hadharani mwaka 2006. Dawa ni kuanzia mwanzo, kisha kuongeza nusu ya tofauti.

Wengine hulalamika kwamba majina marefu ndani ya msimbo, yanayotaja kipimo cha nambari, yanachosha. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu upande mmoja ulitoa hesabu kwa pauni na mwingine ukazipokea kama newtoni, ingawa hati ya mradi ilidai vipimo vya metriki. Jina linalobeba kipimo chake hugharimu herufi chache.

Ukikabidhiwa msimbo kesho, anza na masharti yasiyo na mabano, kisha nambari zisizo na kipimo.