Tani si Kipimo: Korona ya Magoma na Kosa la Lengo la 120,000

Lengo la Tanzania la kuzalisha tani 120,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, ifikapo 2025 lilikuwa kosa tangu siku lilipotangazwa. Tarakimu ingeweza kuwa kubwa au ndogo, kosa lingebaki palepale: wakulima, vyama vyao vya ushirika (AMCOS) na Bodi ya Mkonge walipewa kipimo kimoja, uzito wa kinachotoka kiwandani, huku gharama ya kila tani, ambayo ndiyo inayoamua kama mkulima atabaki na chochote mfukoni, ikiachwa bila kutajwa. Nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani 36,000 kwa mwaka. Kuzidisha kiasi hicho zaidi ya mara tatu ndani ya miaka michache, kwa mmea unaokaa karibu miaka mitatu shambani kabla ya kukatwa jani la kwanza, kulidai swali moja litangulie mengine yote: korona tulizonazo, yaani mitambo ya kukwangua majani, kwa jinsi zilivyo, zinafanya kazi kwa gharama nafuu kabisa zikitoa tani ngapi? Lengo halikubeba jibu la swali hilo. Mwaka 2025 umepita, tani 120,000 hazikupatikana, na bado tunasikia viongozi wakihesabu miche na ekari.

Tulitazame shamba la mkonge la Magoma, maana korona yake iliyo bondeni, chini ya milima ya Usambara, inaonyesha kila kitu. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba jani la mkonge hutoa singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Tani moja ya singa kavu, yaani robota nne za kilo 250, inahitaji tani zipatazo 25 za majani yaliyokatwa, kufungwa, kupakiwa na kusombwa hadi kiwandani. Pale jani linapita kwenye magurudumu yenye visu butu, linapondwa na kukwanguliwa chini ya maji mengi, kisha singa inaanikwa kwenye waya, inapigwa brashi na kupangwa madaraja. Sehemu kubwa ya gharama hizi hailegei hata siku majani yakiwa haba: fundi analipwa, walinzi wanalipwa, mtambo unachakaa, mkopo unadai. Ndiyo sababu upande wa kushoto wa mkunjo wa gharama ya wastani unashuka kwa kasi. Upande wa kulia nao unapanda kwa kasi, na hapo ndipo waliopanga lengo hawakutazama. Korona ikishajaa, trekta zinapanga foleni na jani lililokatwa linakauka juani. Jani kavu halikwanguliki vizuri, kwa hiyo singa ambayo ingekuwa ya daraja la 3L inaishia daraja la chini la UG. Zamu inarefushwa, mafuta yanaongezeka, maji yanapungua, na mtambo unaopaswa kufanyiwa matengenezo unasukumwa mpaka unaharibika katikati ya msimu.

Tuchukue tarakimu za mfano tu, ili hoja ionekane. Tuseme korona ina gharama zisizobadilika za shilingi milioni 60 kwa mwezi. Ikitoa tani 50, na gharama zinazobadilika zikiwa milioni 50, kila tani imegharimu milioni 2.2. Ikitoa tani 100 kwa gharama zinazobadilika za milioni 100, tani inashuka hadi milioni 1.6. Ikifika tani 120 kwa milioni 126, tani moja ni milioni 1.55, na hapo ndipo shimo la mkunjo lilipo. Sasa isukumwe hadi tani 140, gharama zinazobadilika zifike milioni 166. Wastani unapanda hadi kama milioni 1.61, na ukiutazama peke yake utasema tofauti ni ndogo. Lakini tani 20 za mwisho zimekula milioni 40, yaani milioni 2 kila moja. Wastani umeficha hasara. Gharama ya nyongeza, yaani ya kila tani inayoongezwa, ilikuwa imeshaukata wastani kutoka chini pale penye shimo, na kila tani iliyofuata ilikuwa inakula jasho la zile zilizotangulia.

Katika ushirika, kosa hili linauma mara mbili. Makato ya usindikaji yanapogawanywa sawa kwa kila kilo, mwanachama anayefikiria kuongeza ekari anaona makato ya wastani. Haoni kwamba majani yake yatarefusha foleni na kushusha daraja la singa ya jirani. Gharama anayoisababisha inalipwa na wote, faida anaichukua yeye. Hana hila yoyote: anafuata hesabu aliyoonyeshwa, na mwenye wajibu wa kumwonyesha hesabu nyingine ni anayepanga sekta. Mpangaji naye aliposimama mbele ya watu na kusema "tani 120,000", aliongeza kelele kwenye ishara ileile potofu. Tani 120,000 za singa ni majani yapatayo tani milioni 3 kwa mwaka. Yatapita kwenye mashine gani, kwa zamu ngapi, kwa maji ya mto upi? Mkonge usiokatwa kwa wakati hauwekwi akiba: majani ya chini yananyauka, mmea unarusha mlingoti, kisha unakufa.

Kuna watakaosema bei ya singa ni nzuri, na kwamba kitabu chenyewe cha uchumi kinafundisha kuzalisha hadi gharama ya nyongeza ilingane na bei, hata kama shimo la wastani limeshapitwa. Hoja hiyo ni ya kweli, na asiyeijua asizungumzie mikunjo. Lakini inadai gharama ya nyongeza ihesabiwe yote. Tani ya 140 inapolisukuma rundo zima kutoka daraja la juu hadi la chini, bei iliyopotea kwenye tani nyingine 139 ni sehemu ya gharama ya hiyo moja. Ukiiweka ndani ya hesabu, pengo kati ya shimo la wastani na kiasi chenye faida kubwa kuliko vyote linakuwa dogo kuliko wanavyodhani. Wengine watasema dawa ni kujenga korona zaidi. Huenda, ila kwa mpangilio. Mwaka 1931 mwanauchumi Jacob Viner alimtaka mchoraji wake achore mkunjo wa muda mrefu upite kwenye mashimo ya mikunjo yote ya muda mfupi bila kupanda juu ya mkunjo wowote kati ya hiyo, jambo lisilowezekana, na mchoraji alikuwa sahihi kumpinga. Funzo lake linatuhusu: ukubwa wa mtambo unachaguliwa kwa kuangalia kiasi cha majani kitakachoufikia kwa uhakika, maana mtambo mkubwa uliokosa majani ni ghali kuliko mdogo ulioshiba.

Wapo waliolielewa hili kabla yetu. Marehemu Salum Shamte na kampuni ya Katani walipoanzisha SISO, mpango wa wakulima wadogo wa mkonge, mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuta korona za mashamba kama Magoma, Hale, Ngombezi, Magunga na Mwelya zikiwa na njaa ya majani. Hawakuanza na tani za taifa. Waliwagawia wakulima wadogo viwanja ndani ya mashamba yaleyale ili korona zilizokuwepo zishibe, na hilo ni kuteremka kwenye mkunjo hatua kwa hatua kuelekea shimo lake. Malalamiko ya wakulima kuhusu makato yalikuja na yalistahili kusikilizwa, lakini yalihusu mgawanyo wa mapato. Ramani ya uzalishaji ilikuwa sahihi. Waliolewa na tani tunawajua pia. Mwaka 1964 nchi ilifikia kilele cha takriban tani 230,000, na mpaka leo tarakimu hiyo inatajwa kama dua. Kamba za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kwa miaka mingi korona nyingi zikazungushwa chini ya uwezo wake. Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: kilele cha 1964 hakikuwa ushahidi wa ufanisi.

Miche bora ya kituo cha utafiti cha Mlingano na minada ya singa ni kazi nzuri. Kilichobaki ni kubadili tangazo. Kila AMCOS, kuanzia Magoma, ibandike ukutani kila mwezi tani zilizopita kwenye korona, gharama ya wastani, gharama ya tani za mwisho na sehemu iliyoangukia UG. Bodi ipokee ekari mpya pale tu korona ya eneo husika inapokuwa bado upande wa kushoto wa shimo, na inunue mtambo mpya pale gharama ya nyongeza inapokuwa juu msimu baada ya msimu. Lengo la kitaifa, kama lazima liwepo, liandikwe kwa shilingi kwa kila tani. Waziri atakayetangaza lengo la namna hiyo atakuwa na tarakimu ndogo ya kusoma jukwaani, na mkulima atakuwa na fedha zaidi siku ya malipo.