Pongezi kwa Waongoza Watalii wa Loire

Waongoza watalii wa bonde la Loire, Ufaransa, wanastahili pongezi. Kundi lililokuja kwa Jumamosi na Jumapili tu lingepiga picha na kuondoka. Wao hulituliza, likatazama. Kule Chambord, kasri ambalo Mfalme François I alianza kulijenga mwaka 1519, huwaelekeza wageni kwenye ngazi mbili zilizosokotana: mnapanda pamoja, mnaonana madirishani, lakini hamkutani.

Kwenye kasri la Chenonceau ndiko ninakowapendea zaidi. Hawaishii kwa Malkia Catherine de' Medici na ukumbi wake mrefu uliojengwa juu ya mto Cher. Hueleza pia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, humo humo vilipangwa vitanda vya askari majeruhi. Ukienda, usizunguke peke yako. Fuatana nao, na uwaulize maswali.